Mtandao wa Majirani: Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi, hata kama mbebaji anatokwa na jasho. Nimeuchagua msemo huo uwe mlango wa makala haya kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hulidhania kuwa la wahandisi peke yao, ilhali kiini chake ni ujirani. Jambo lenyewe ni mitandao ya vihisi visivyotumia waya, na namna inavyoweza kuenea mbali kwa vituo vyake kupokezana ujumbe na kujipangia njia vyenyewe.

Kihisi ni kifaa kinachopima kitu fulani: joto, unyevu wa udongo, kina cha maji au mtikisiko wa ardhi. Kiunganishe na redio ndogo, betri na kompyuta inayotosha kiganjani, nawe umepata kituo kinachoweza kupima usiku na mchana bila ya mtu kukisimamia. Weka vituo kadhaa mtoni, shambani au mlimani, kisha uchague mahali penye umeme na mawasiliano ya simu pa kupokelea vipimo vyote. Mahali hapo nitapaita lango.

Haja ya mitandao ya namna hii hapa kwetu haihitaji kuhubiriwa. Mafuriko ya masika ya mwaka wa 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili mwaka huo, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya njia ya maji iliyozibika chini ya reli, karibu na Mai Mahiu, yalivunja kizuizi na kuteremka bondeni. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Sidai kwamba kifaa fulani kingewaokoa wote. Ninachosema ni kwamba maji hayajikusanyi kwa kufumba na kufumbua, na kina kinachopanda ni kitu kinachoweza kupimwa na habari zake zikapelekwa kwa watu walio chini ya mto.

Taabu ni kwamba mahali pa kupimia na mahali pa kusikika aghalabu si pamoja. Mito hupita mabondeni; mawimbi ya redio hupenda mahali pa wazi na pa juu. Kituo kilichowekwa kwenye korongo hupima vizuri, lakini sauti yake haivuki ukingo wa kilima. Basi mtu afanye nini? Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kupaza sauti, yaani kuongeza nguvu ya redio. Njia ya pili ni kuongeza majirani. Mimi ni mtetezi wa njia ya pili, ila ni mtetezi mwenye masharti, na masharti hayo ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mawimbi ya redio hudhoofika kwa kadiri ya mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo; ukiongezeka mara nne, hubaki sehemu moja ya 16. Hiyo ni hali ya anga tupu. Karibu na ardhi, penye vichaka, mahindi na miinuko, nguvu hupotea upesi zaidi ya hapo. Chukua kituo kilicho mita 1,200 kutoka langoni. Ili kisikike moja kwa moja, hata katika anga tupu, kitahitaji nguvu mara 16 kuliko kituo kinachorusha ujumbe mita 300 tu. Lakini ukipanga vituo vinne, kila kimoja mita 300 kutoka kwa mwenzake, na ujumbe ukapita kwa zamu kama kijiti katika mbio za kupokezana, jumla ya nguvu ya kurusha ni nne. Nne badala ya 16! Isitoshe, kituo kimoja kikikaa juu ya mgongo wa kilima, kitaona pande zote mbili na kuwa daraja kati ya bonde na lango.

Hapo huzuka swali: ni nani anayeamua ujumbe upitie wapi? Mtu angeweza kuandika ramani na kukiambia kila kituo jina la jirani wa kumpelekea ujumbe. Ramani hiyo ingefaa hadi siku ya kwanza ya mvua, ambapo tawi litaanguka, ng'ombe atagonga mlingoti, au mahindi yatakua na kuziba njia. Ndiyo maana wataalamu wakabuni mtandao unaojipanga wenyewe, uliosukwa kama wavu wa mvuvi: uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine hushika.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Lango hutangaza kwamba lenyewe liko daraja la sifuri. Vituo vinavyolisikia hupima gharama ya kulifikia, kila kimoja hujipa daraja lake, kisha navyo hutangaza. Vituo vya nyuma yao husikia tangazo hilo, huchagua mzazi wa kumpelekea ujumbe, hujipa daraja la juu zaidi, na tangazo huendelea hivyo mpaka bondeni. Kanuni moja haivunjwi: ujumbe uendao langoni hauna ruhusa ya kupanda daraja, ila kushuka tu, usije ukazunguka duara bila ya kufika. Mzazi akifa, mtoto hutafuta mzazi mwingine miongoni mwa jirani anaowasikia. Mnamo Machi 2012 shirika la kimataifa linalotunga kanuni za intaneti lilichapisha itifaki rasmi inayofuata utaratibu huu, iitwayo RPL.

Nimetaja gharama. Wengi wangedhani njia fupi ndiyo rahisi. La hasha! Tuseme kituo kinaweza kulifikia lango moja kwa moja, lakini kwa kubahatisha, ujumbe mmoja tu kati ya minne ukifika. Kwa wastani kitarusha mara nne ili ujumbe mmoja upokelewe. Kama kuna jirani katikati, na kila kipande cha njia hufaulu mara tisa kati ya kumi, kila kipande kitahitaji wastani wa mara 1.11, jumla mara 2.22. Njia yenye hatua mbili ni nafuu kuliko yenye hatua moja. Mwalimu wa hesabati anayetafuta mfano wa uwezekano unaogusa maisha hana haja ya kwenda mbali.

Kuna na adabu ya kunyamaza. Vituo vyote hutumia hewa moja, na vikisema pamoja hakuna anayesikika. Kanuni iitwayo Trickle, iliyochapishwa rasmi Machi 2011, hukiagiza kituo kisikilize kwanza. Kikisikia jirani wa kutosha wamekwisha kutangaza habari ile ile kiliyonayo, hunyamaza na kuongeza muda wa kusubiri. Kikisikia habari inayotofautiana na yake, hufupisha muda na kusema upesi, ili mabadiliko yaenee. Laiti mikutano yetu mingi ingeendeshwa kwa kanuni hiyo!

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya ughaibuni. Ukweli ni kwamba mojawapo ya majaribio ya mwanzo yanayojulikana sana katika fani hii yalifanyika papa hapa Kenya. Wahandisi na wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani walitaka kujua mienendo ya pundamilia wa Laikipia mahali ambapo hapakuwa na minara ya simu ya kutegemea. Wakabuni ZebraNet: ukanda wa shingoni wenye kifaa cha kutambua mahali kwa setilaiti, redio, betri na vipande vya kunasa nguvu za jua. Januari 2004 pundamilia wachache walivishwa mikanda hiyo katika hifadhi ya Sweetwaters. Pundamilia wawili walipokaribiana, mikanda yao ilipeana kumbukumbu. Kwa hiyo mtafiti aliyempata mnyama mmoja aliweza kupata pia habari za wenzake ambao hakuwaona siku hiyo. Pundamilia hakujua kwamba ni tarishi, lakini alifanya kazi ya tarishi.

Mfano wa pili unatoka Ekuador, na ndio ulio karibu zaidi na mito yetu, kwa kuwa vituo vyake havikuhama. Mwaka wa 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakishirikiana na wenzao wa Ekuador na wa vyuo vingine vya Marekani, waliweka vituo 16 kwenye mlima wa volkano wa Reventador. Vituo vilipangwa katika mstari wa kilomita tatu hivi, kila kimoja kikiwa kati ya mita 200 na 400 kutoka kwa jirani yake, na ujumbe ukapokezanwa hatua kwa hatua. Kwa muda wa siku 19 mtandao ule ulinasa matukio 230 ya volkano. Hakuna redio hata moja kati ya zile ambayo peke yake ingevuka kilomita zote tatu za mlima ule.

Je, ni nini kilichoharibika huko Reventador? Hapa ndipo penye funzo. Mtu angetarajia kwamba vituo vya mlimani, vilivyokaa penye majivu na mvua, ndivyo vitakavyokufa kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Vituo vyenyewe vilikuwa miongoni mwa sehemu imara zaidi za mfumo. Hitilafu ya programu ilikatiza kazi kwa siku tatu, na kompyuta ya lango, iliyokuwa mahali pa starehe chini ya paa, ilizimika mara kwa mara kwa kukosa umeme. Wavu ulijishona wenyewe kila ulipotoboka. Mdomo wa wavu haukuwa na wa kuushona.

Sasa narudi kwenye ule mzigo wa mwenzio. Wauzaji wa vifaa hivi husifu uwezo wake wa kuenea bila kikomo: ongeza kituo, na eneo linapanuka. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Chora kwenye karatasi vituo kumi katika mstari mmoja kando ya mto, lango likiwa mwisho mmoja. Kila kituo kitume kipimo kimoja kila baada ya dakika kumi. Kituo cha mbali kabisa hurusha ujumbe mmoja, ule wake tu. Jirani yake hurusha miwili. Endelea hivyo mpaka kilicho karibu na lango: hicho hurusha ujumbe kumi, wake mmoja na wa wenzake tisa. Jumla ya safari zote ni 55. Kituo kilicho karibu na lango ndicho kinachoonekana kuwa na bahati, na ndicho kitakachokufa kwanza. Kikifa kabla ya kupatikana jirani wa kukirithi, vile vingine tisa vitaendelea kupima na kuongea, betri zikiwa nzima, wala hakuna binadamu atakayevisikia.

Na betri si jambo la kudharau. Redio ya aina ya CC2420, iliyotumika katika vituo vya Reventador, hula miliampia 17.4 inaporusha kwa nguvu zake zote, na miliampia 18.8 inaposikiliza. Tazama vyema tarakimu hizo: kusikiliza kunagharimu zaidi kuliko kusema. Betri ya miliampia 2,500 kwa saa, redio yake ikisikiliza mfululizo, itakwisha kwa siku tano na nusu. Kwa hiyo vituo hulala na kuamka kwa ratiba. Redio ikiwa macho sehemu moja tu ya mia ya wakati, betri ile ile itailisha kwa mwaka mmoja na nusu. Lakini anayebeba mizigo ya wenzake halali kama wenzake. Kila ujumbe wa jirani ni sekunde za usingizi zilizokatwa.

Dawa yake ni ya busara tu, wala haihitaji fedha nyingi. Rudi kwenye karatasi yako. Liondoe lango mwishoni mwa mstari, uliweke katikati, kati ya kituo cha tano na cha sita. Sasa kila upande una vituo vitano. Kilicho karibu na lango hurusha ujumbe mitano badala ya kumi, na jumla ya safari inashuka kutoka 55 hadi 30. Hukununua kifaa kipya, hukubadilisha programu, ila umefikiri kabla ya kuchimba shimo la mlingoti. Ukipata kidogo cha kuongeza, usikitumie kununua kituo cha kumi na moja. Kitumie kuwapa wale walio karibu na lango betri kubwa na kipande cha kunasa nguvu za jua.

Ni haki nitaje hoja ya upande wa pili. Tangu kanuni za LoRaWAN zitolewe mwaka wa 2015, redio zenye kufika kilomita kadhaa kwa nguvu ndogo zimeenea, nazo huongea na lango moja kwa moja bila ya kupitia kwa jirani. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri, watafiti wameitumia njia hii kupima kina cha Mto Muringato. Kama lango lako liko juu na unaona mto wako wote kwa macho, sioni sababu ya kutaka zaidi. Lakini masafa marefu hununuliwa kwa mwendo wa polepole: LoRaWAN hupitisha kati ya biti 300 na 50,000 kwa sekunde, ilhali redio za masafa mafupi za aina iliyotumika Reventador hupitisha biti 250,000. Kina cha mto kinachopimwa kila dakika kumi kinatosheka na biti chache. Mtikisiko wa mlima unaopimwa mara 100 kwa sekunde hautosheki. Aidha, bonde lililojikunja halioni lango hata liwe la aina gani. Hapo jirani wa karibu atabaki kuwa bora kuliko ndugu wa mbali.

Nakuja kwenye shule zetu. Mradi wa TAHMO, wenye lengo la kuweka vituo 20,000 vya hali ya hewa katika nchi za kusini mwa Sahara, umeweka baadhi ya vituo vyake katika shule, zikiwamo za hapa Kenya. Naiona hekima ya jambo hilo. Shule ina ua, ina mlinzi, ina watu wanaoweza kusoma kipimo na kuuliza maswali. Kwa sababu hizo hizo, shule iliyo karibu na mto inafaa kuwa lango la mtandao wa vihisi vya mto huo. Nimewasikia walimu wakilitamani jambo hili, nami nawaunga mkono kwa dhati.

Lakini hebu tuitazame kalenda. Masika hupamba moto mwezi wa Aprili, na Aprili ndio mwezi wa likizo. Mwalimu mkuu mwenye kubana matumizi huzima umeme shule zinapofungwa, wala sina lawama kwake. Mwaka wa 2024 shule zilipangiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili, siku ile ile ya msiba wa Mai Mahiu. Kwa sababu ya mvua, ufunguzi ukasogezwa, nazo zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Lango la mto ambalo lingetegemea umeme wa darasani lingekuwa limelala katika majuma ambayo lilihitajika kuliko majuma mengine yote ya mwaka. Vituo vya bondeni vingepokezana habari za maji kwa uaminifu hadi kwenye mlango uliofungwa.

Kwa hivyo, shule itakayokubali kubeba lango ipewe betri na nguvu za jua za lango hilo peke yake, zisichanganywe na taa za madarasa. Pili, ateuliwe mtu kwa jina, mlinzi au jirani wa shule, wa kuliangalia wakati wa likizo, na alipwe ujira wake, kwa maana naye ni kituo kilicho karibu na lango. Mizigo ya wote inapita begani mwake. Tatu, ujumbe ukishafika langoni uwe na pa kwenda: kwa chifu, kwa mzee wa mtaa, kwa watu wanaolala kandokando ya mto. Kipimo kinachoishia kwenye kompyuta hakijamwamsha mtu.

Haya hayatafanywa na mtandao unaojipanga wenyewe. Mtandao hujua kutafuta njia. Haujui kulipa umeme, wala kumkumbuka mlinzi. Walimu wa fizikia, hesabati na kompyuta mnaweza kulianza somo hili juma lijalo bila ya kifaa chochote. Wapange wanafunzi kumi mstari mmoja uwanjani, kila mmoja awe na karatasi yake, na karatasi zote zifike kwa mwalimu kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Mwulize wa mwisho amepitisha karatasi ngapi, kisha mwulize wa kwanza. Halafu simama katikati ya mstari, mrudie tena, na waache wenyewe waeleze ni nini kilichobadilika.